Shajara ya mradi: kufua shoka la msuka, karakana ya Ugweno

Mwanzo wa Juni. Kwa nini shoka hili

Kazi yangu ni kuchonga mizinga ya nyuki na vinu. Shoka la dukani, lile lenye tundu kwenye chuma na mpini uliokazwa kwa kabari, hukata vizuri siku za mwanzo. Jua likishaukausha mpini, kabari inalegea na kichwa kinaanza kucheza. Unalilaza kwenye ndoo ya maji usiku kucha, unaongeza kabari, unapigilia msumari, na mwezi haujaisha unarudi kwenye ndoo. Anayechonga mzinga hukaa juu ya gogo, miguu ikiwa pande mbili, na shoka linashuka katikati. Huwezi kufanya kazi hiyo kwa utulivu ukiwa na wasiwasi kwamba kichwa kitachomoka.

Shoka la kienyeji la huku Upareni limejengwa kwa namna nyingine. Tundu liko kwenye mpini. Chuma chenyewe kina mkia mrefu unaochongoka, yaani msuka, ambao unapenya kwenye kichwa kinene cha mpini na kutokeza upande wa pili. Pigo linaposhuka, mti unaokatwa unausukuma msuka ndani zaidi. Kadiri unavyolitumia ndivyo linavyokaza.

Lengo la mradi ni kufua shoka moja la aina hiyo tangu chuma chakavu mpaka kwenye gogo, katika karakana ya Baba Mkubwa, na kuandika hatua zote kwa uwazi wa kutosha ili mtu mwingine aweze kuzifuata. Anayefua ni yeye. Mimi navukuta, nashika nyundo kubwa anaponiita, na mpini ni jukumu langu.

Vipimo tulivyokubaliana baada ya kulipima shoka la zamani lililobaki nyumbani kwa bibi: upana wa makali sentimita 7, ubapa sentimita 10 kutoka makali hadi mabegani (pale ubapa unapokutana na msuka), msuka sentimita 12, mpini sentimita 60. Hilo shoka la zamani limenolewa hadi ubapa umebaki nusu. Msuka wake bado ni mzima. Baba Mkubwa alinionyesha hilo kabla ya kuwasha moto, akaligeuza mkononi, akasema, "Watu wanatazama makali. Wewe tazama huku nyuma." Nimeiandika kauli hiyo hapa juu kwa sababu karibu kila uamuzi uliofuata umetokana nayo.

Wiki hiyohiyo. Chuma

Ugweno, huku Upare ya Kaskazini, ni nchi ya chuma tangu zamani. Kabla ukoo wa Wasuya haujatwaa utawala, katika karne ya 16 kwa makadirio ya mwanahistoria Isaria Kimambo, waliokuwa na nguvu hapa walikuwa Washana, ukoo wa wahunzi. Chuma cha Upare kiliuzwa hadi kwa Wachaga wa Kilimanjaro, ambao walikuwa na wafuaji hodari lakini waliihitaji malighafi ya huku. Baba Mkubwa si Mshana. Alijifunza kwa mjomba wake aliyekuwa Mshana, na mambo mengi karakanani kwake bado yanafanywa kama mjomba alivyoyafanya.

Chuma cha wakati ule kilitoka kwenye mchanga mweusi wa mitoni. Mvua kubwa ikipita, utauona mpaka leo: michirizi myeusi inabaki kwenye vijito pale maji yanapopunguza kasi. Pitisha sumaku juu yake, mchanga utasimama kama manyoya. Wazee waliuosha, wakauyeyusha kwa makaa kwenye tanuri ndogo za udongo, wakapata donge la chuma lililochanganyika na takataka, na donge hilo likafuliwa tena na tena hadi likasafika. Mavi ya chuma, yale mawe meusi mazito yenye matundu, bado yanaibuka majembe yanapogonga kwenye mashamba ya migomba. Chuma cha kutoka ng'ambo kilipoingia kwa wingi, kazi ya kuyeyusha ilikufa. Kazi ya kufua ikabaki, ila malighafi sasa inatoka kwenye chakavu.

Kwenye lundo la chakavu tulikuwa na uchaguzi wa aina mbili, nondo na jani la springi ya lori. Ukiviweka kwenye grenda tofauti inaonekana kwa cheche. Nondo inatoa mistari mirefu inayofifia bila kupasuka sana. Springi inatoa mistari mifupi inayochanua kuwa nyota nyota. Nyota hizo ni kaboni inayoungua. Nondo za kawaida zina kaboni ya asilimia 0.2 hadi 0.3, na hata ukizichovya kwenye maji zikiwa nyekundu hazipati ugumu wa maana. Springi ina asilimia 0.5 hadi 0.6, mara nyingi pamoja na kromiamu kidogo, na hiyo inatosha kushika makali bila kuvunjika kama kioo.

Tulikata kipande kidogo cha springi, tukakipasha, tukakizima kwenye maji, kisha Baba Mkubwa akakiweka ukingoni mwa fuawe, chuma cha kufulia juu yake, na kukigonga. Kikakatika bila kupinda. Akatazama sehemu iliyokatika: punje zilikuwa ndogo, za kijivu, zimelingana. Akaridhika.

Kuna jambo moja ambalo wanunuzi wa chakavu hawalifikirii. Springi iliyobeba mizigo kwa miaka inaweza kuwa na nyufa ambazo jicho halizioni, hasa karibu na tundu la bolti ya katikati. Pangusa kipande hadi king'ae, paka mafuta ya taa, acha kidogo, futa kabisa, kisha paka chaki. Kama kuna ufa, mafuta yaliyojificha ndani yatapanda na kuchora mstari kwenye chaki. Tulikata sehemu yote ya katikati na kuiweka kando. Tumebaki na kipande cha upana wa sentimita 7 na unene wa sentimita 1 na ushei.

Mivukuto na makaa

Kwa kazi za kila siku, majembe na visu, karakana inatumia feni inayozungushwa kwa rimu ya baiskeli. Kwa shoka hili tumeitoa mivukuto ya ngozi ya mbuzi, ile iliyokuwa inaning'inia darini. Sababu ni ya kikazi. Feni inatoa upepo wa nguvu moja, na kwenye kutia ugumu tunahitaji moto unaoweza kunong'onezwa.

Mivukuto ni mifuko miwili. Kila ngozi ilichunwa bila kupasuliwa tumbo, ikafungwa miguu, na shingo ikavalishwa bomba la mti. Mdomo wa nyuma una vijiti viwili vinavyofungua na kufumba kama mdomo. Unapoinua mkono, vidole vinavitenganisha vijiti na mfuko unavuta hewa. Unaposhusha, unavifumba na kukandamiza. Kulia kunapopanda, kushoto kunashuka, upepo haukatiki. Ncha za mifuko haziingii ndani ya bomba la udongo linaloelekea motoni. Zinaachwa nyuma yake kwa nafasi ya vidole viwili. Ukizibana pamoja, mfuko unaoinuliwa utavuta hewa ya moto kutoka jikoni na ngozi itaungua.

Ngozi zilikuwa zimekauka. Tumezilainisha kwa mafuta ya samli iliyochacha, tukabadilisha bomba la udongo lililopasuka kwa kufinyanga jingine la mfinyanzi uliochanganywa na vigae vilivyosagwa. Likikauka kivulini ndipo linachomwa taratibu pembeni mwa moto.

Makaa ni ya mgunga kutoka tambarare. Makaa ya miti laini yanaisha upesi na kuruka cheche nyingi. Tumeyavunja hadi ukubwa wa kifuniko cha chupa ya soda hivi, vumbi limechekechwa na kutupwa, kwa sababu vumbi linaziba njia ya upepo.

*Hali ya kazi: chuma tayari, moto tayari. Mpini umekauka tangu kiangazi kilichopita.*

Katikati ya Juni, Jumamosi. Msuka

Siku ya baridi, ukungu umeshuka hadi kwenye migomba. Hali nzuri kwa karakana, maana ndani kunakuwa na giza na rangi za chuma zinaonekana zilivyo. Juani chuma chenye joto la kutosha huonekana cheusi, na mtu anakiacha motoni mpaka kinaungua.

Tulianza na msuka. Nilidhani tungeanza kutandaza makali, kwa kuwa ndiyo sura ya shoka, lakini Baba Mkubwa ana mpangilio wake na una maana. Kipande kikiwa bado kinene na kizito upande wa mbele, kinashikika vizuri kwenye koleo na hakipotezi joto haraka. Ukishatandaza ubapa, unapopasha msuka ubapa mwembamba unajipasha nao, unajipinda, na unaunguza ukingo utakaokuwa makali.

Kwanza kabisa ni mabega. Kipande kilipofika rangi ya chungwa, karibu nyuzi 1,000 za Selsiasi, alikilaza ukingoni mwa fuawe, sehemu ya msuka ikiwa juu ya chuma na iliyobaki ikining'inia nje. Fuawe yenyewe ni kipande cha reli kuukuu kilichozikwa kwenye kigogo cha mti. Ukingo mmoja wa reli hiyo ameusugua kwa tupa hadi umeviringika, na ndio ukingo anaotumia kwa mabega pekee. Nikauliza kwa nini. Akachora kwa mkaa juu ya ubao: kona kali mahali ubapa unapokutana na msuka, kisha kona ya mviringo. Akaweka kidole kwenye ile kali. "Hapa ndipo litakapovunjikia." Mashoka yaliyovunjika ambayo wateja wamemletea, anasema, yamekatika hapo kuliko mahali pengine popote. Nguvu ya kila pigo inatoka kwenye makali, inapita ubapa, inafika mabegani na kutafuta njia ya kuingia kwenye msuka. Kona kali inaikusanya sehemu moja, na ufa unaanza. Mviringo unaitawanya.

Baada ya mabega, kazi ni kuurefusha. Mimi na nyundo kubwa upande huu, yeye na nyundo ndogo upande ule. Anagonga pale anapotaka nigonge, napiga hapohapo. Akigonga mara mbili kwenye reli tupu, naacha. Hakuna maneno.

Msuka unafuliwa ukiwa wa pembe nne tangu mwanzo. Unapiga, unageuza robo, unapiga, unarudisha. Ukianza kuona pembe zimelala upande, sura imekuwa ya karata ya uru, rudisha pembe nne kwanza kabla hujaendelea kurefusha. Ukiendelea hivyohivyo chuma kinapasuka katikati kwa ndani na hutajua. Joto linaposhuka hadi rangi ya damu ya mzee, nyundo inasimama, hata kama limebaki pigo moja tu la kumaliza. Springi inayopigwa ikiwa baridi inajiwekea nyufa zake yenyewe.

Upande wa pili wa joto nao una hatari yake. Mwanzoni mwa wiki nilikuta kwenye lundo kipande cha patasi ya zamani kilichofanana na mkate uliotafunwa pembeni. Hicho kiliachwa motoni hadi kikaanza kurusha cheche zake chenyewe, nyeupe, zinazotiririka. Chuma kikifika hapo kimeungua. Hakuna dawa, unaikata sehemu hiyo na kuitupa.

Kwa msuka wetu: unene wa sentimita 1.6 karibu na mabega, unapungua bila kuruka hadi milimita 7 nchani. "Bila kuruka" ndilo neno la kazi yote. Tulipomaliza Baba Mkubwa aliulaza msuka juu ya ubao ulionyooka, akamulika kwa tochi kutoka nyuma. Mahali mwanga ulipopenya palikuwa na kiuno, pigo lililoingia zaidi. Akaurudisha motoni. Akamulika tena. Akaurudisha. Niliona amemaliza kabla yeye hajaona hivyo, na sasa nikikumbuka jinsi ulivyokaa kwenye mpini naelewa alichokuwa anakitafuta: kiuno kwenye msuka kinaacha hewa ndani ya tundu, na penye hewa shoka linapata nafasi ya kutikisika.

Muda mrefu kuliko hatua nyingine yoyote ya chuma ulikwenda hapa. Chakula cha mchana, makande ya shangazi, kililiwa moto ukiwa bado unavukutwa na binamu yangu.

Jumatatu. Ubapa

Kazi ya haraka ukiilinganisha na ya Jumamosi. Chuma kilipashwa upande wa mbele, kikapigwa kwa mdomo mwembamba wa nyundo, mapigo yakielekezwa pembeni ili makali yapanuke kama mkia wa samaki. Katikati ya ubapa pameachwa nene, milimita 9, panateremka kuelekea makali na kidogo kuelekea pembeni. Shoka lenye ubapa bapa kabisa linanaswa kwenye mti mbichi. Lenye tumbo dogo katikati linausukuma mti kando na kujichomoa lenyewe.

Makali yameachwa na unene wa milimita 2. Yakifuliwa membamba zaidi ya hapo yanaweza kujikunja au kupasuka wakati wa kuzimwa kwenye mafuta. Kilichobaki kitatolewa na tupa na kinoo.

Mwisho wa siku lilipashwa lote hadi nyekundu, likaachwa lipoe hewani hadi likawa jeusi, likarudiwa tena. Hatua hii inakituliza chuma baada ya nyundo nyingi. Mara ya mwisho lilifukiwa kwenye majivu makavu hadi asubuhi, ili lilainike na tupa iweze kulila.

Alhamisi na Ijumaa. Mpini

Wahenga walisema shoka lisilo mpini halichanji kuni, na kwa shoka la msuka mpini ndio unaobeba tundu, kwa hiyo ndio unaobeba hatari yote ya kupasuka.

Mti ni mkwaju, kutoka tambarare chini ya Mwanga. Niliutoa pale shina linapoingia ardhini, ambapo nyuzi za mti zimesokotana na kuna uvimbe wa asili. Uvimbe huo ndio kichwa cha mpini. Ukikichonga kichwa kutoka kwenye ubao ulionyooka, nyuzi zote zinakimbia upande mmoja na msuka utazitenganisha kama kabari. Kwenye uvimbe wa shina nyuzi zinapishana, zinashikana. Nilipoukata nilizipaka ncha zote mbili nta ili zisikauke haraka kuliko katikati, nikauweka kivulini kwa miezi ya kutosha.

Kichwa nimekiacha na unene wa sentimita 9. Shingo chini yake inapungua taratibu, kisha mpini unakuwa wa mviringo uliobonyea kidogo, ili kiganja kijue makali yanaelekea wapi bila jicho kutazama.

Tundu lilianza kwa keke, jembamba, kutoka mbele hadi nyuma. Limeinamishwa kidogo kiasi cha makali kuangalia upande wa mkono. Shoka lililokaa wima kabisa linateleza juu ya gogo, hasa unapochonga ukiwa umekaa. Baada ya hapo ni moto. Msuka wenyewe ndio unaochoma tundu lake, na ndiyo maana mpini unatengenezwa kabla ya kutia ugumu: ukiupasha msuka baada ya makali kukomaa, joto litatambaa hadi mbele na kuyalainisha.

Msuka ulipashwa hadi wekundu hafifu, ukaingizwa, ukahesabiwa pumzi mbili, ukatolewa. Moshi wa mkwaju unauma macho. Ndani ya tundu kuna tabaka la mkaa, nalo linakwanguliwa lote kwa chuma chembamba kabla ya kuchoma tena. Hapa usivumilie uvivu. Mkaa ukibaki, shoka litakaa vizuri siku ya kwanza na kuanza kucheza siku ya tatu, kwa sababu mkaa unasagika na kuacha nafasi. Choma, kwangua, pima. Nilisimama pale msuka ulipotokeza nyuma kwa sentimita 1.5, na kati ya mabega na mpini pakabaki nafasi ya zaidi ya sentimita moja. Nafasi hiyo ni lazima. Mabega yakigusa mti, msuka hauwezi tena kuingia ndani, na sifa yote ya shoka hili inapotea.

Kichwa kimevishwa ukanda wa ngozi mbichi ya ng'ombe, umeloweshwa na kushonwa ukiwa umevutwa. Unapokauka unajikaza kuliko waya. Nimeuacha kivulini, jua la moja kwa moja linaupasua.

Tundu ni la pembe nne kwa sababu msuka ni wa pembe nne. Faida yake itaonekana baadaye.

Mwisho wa Juni, jioni. Kutia ugumu

Tulisubiri jua lizame nyuma ya mlima. Taa imezimwa. Makaa yamevukutwa hadi yakawa kitanda kimoja chekundu, kisha upepo ukapunguzwa hadi mivukuto ikawa inapumua tu.

Shoka lililazwa makali yakiwa ndani ya kitanda, si mbele ya bomba. Mbele ya bomba pana joto kali la sehemu moja na pembe za makali zingeungua kabla katikati haijaiva. Baba Mkubwa analigeuza, analivuta, analirudisha. Nilikuwa nimefunga sumaku ndogo kwenye waya. Chuma kikifika nyuzi 770 hivi kinaacha kuvutwa na sumaku; springi inahitaji kupita hapo kidogo, kama nyuzi 830, ndipo ikomae ikizimwa. Tukajaribu: sumaku ilinata, ikanata kwa unyonge, halafu ikagonga na kuanguka kama imegonga jiwe. Yeye hakuwa ameitazama sumaku. Macho yake yalikuwa kwenye kivuli. Chuma kinapokaribia joto lake, ndani ya wekundu kunakuwa na kivuli kinachotembea, na kivuli hicho kikimalizika rangi inakuwa moja tangu pembe hadi pembe. Sumaku ilipoanguka yeye tayari alikuwa amehesabu pumzi chache za ziada na koleo likawa linaondoka.

Mafuta yalikuwa kwenye debe lililokatwa, mafuta ya kupikia yaliyokwisha kutumika, yamepashwa joto kwa kutumbukiza kipande cha nondo chenye moto. Mafuta ya joto yana wepesi na yanapooza haraka kuliko ya baridi. Karakana nyingi zinatumia oili chafu ya injini. Inafanya kazi, lakini moshi wake ni sumu na nimeomba tusiitumie. Maji yana kasi mno kwa springi. Shoka linaweza kupasuka kwa mlio mmoja mkavu, na kazi yote ikaishia hapo.

Makali yaliingia sentimita 3, yakapandishwa na kushushwa bila kukoma. Ukiyashika yametulia, mstari wa usawa wa mafuta unakuwa mpaka mkali kati ya chuma kigumu na laini, na ufa unapenda mipaka ya namna hiyo. Moto mdogo ulishika juu ya mafuta ukazima wenyewe. Baada ya muda mfupi alilitoa. Makali meusi, mabega bado mekundu.

Hapa ndipo nilipoelewa kwa nini alitaka nisimame karibu. Akasugua uso mmoja wa makali kwa kipande cha jiwe la mchanga, haraka, hadi chuma cheupe kikaonekana. Joto lililobaki mabegani likaanza kushuka kuelekea makali, na linaposhuka linaonekana kwa rangi. Kwanza njano hafifu, ya majani makavu. Nyuma yake kahawia. Nyuma yake zambarau, na nyuma kabisa samawati. Rangi hizo zinatembea pamoja, taratibu, kila moja ikiisukuma iliyo mbele yake. Njano ni kama nyuzi 230, ugumu wa kisu cha kunyolea. Kahawia ni 255. Zambarau iko kati ya 275 na 280. Samawati inafika 300 na hapo chuma kina unyumbufu wa springi. Kwa shoka la kupiga miti mikavu alitaka zambarau ifike makalini na samawati ibaki nyuma yake. Ncha moja ya makali ilikuwa inakimbia kuliko nyingine. Akaigusisha kwenye mafuta kwa sekunde moja, ikasubiri mwenzake. Zambarau ilipofika ukingoni pote, shoka lote likazama kwenye debe.

"Basi," akasema. "Lete tupa."

Tupa iliteleza kwenye makali ikiuma kwa shida, ikala kwa urahisi mabegani, na kwenye msuka ikala kama kwenye chuma kisichowahi kuzimwa. Ndivyo inavyotakiwa. Makali yawe magumu, ubapa uwe na unyumbufu, msuka ubaki laini uweze kuinama kidogo na kurudi bila kukatika.

Wiki ya kwanza ya Julai. Kunoa na kazi

Kunoa kulifanywa kwa kinoo cha mtoni na maji, pande zote mbili, bila grenda. Grenda inapasha makali hadi samawati kwa kufumba na kufumbua, na ugumu uliopatikana jioni ile unaondoka.

Uzito wa chuma pekee ni gramu 620. Ni jepesi kuliko la dukani, lakini kichwa cha mpini kina uzito wake na kinasaidia pigo.

Nimelijaribu kwenye gogo la mzinga, kwanza mti mbichi kisha mkavu. Nilichora mstari wa penseli kwenye msuka pale unapotokea nyuma ya mpini. Baada ya gogo la kwanza mstari ulikuwa umesogea nje milimita 4. Baada ya la pili, milimita 1. Baada ya hapo haukusogea tena. Hakuna kucheza hata kidogo, na sijaliweka kwenye maji. Makali hayajapata pengo. Yamebadilika kidogo tu kwenye kona moja iliyogonga kifundo, na kinoo kimeirekebisha.

Kisha ile faida ya pembe nne. Nimegonga ncha ya msuka kwa nyuma kwa kipande cha mti, shoka likachomoka, nikaligeuza robo, nikalirudisha na kulikaza kwa mapigo matatu juu ya kigogo. Makali sasa yamelala upande mwingine na chombo kimekuwa tezo. Ndani ya mzinga, pale shoka lisipofika, tezo linakwangua sakafu hadi ikawa laini. Chuma kimoja, kazi mbili, na wachongaji wa zamani walilijua hili vizuri. Kwa mchongaji anayepanda mlima na mzigo wa mizinga, kupunguza chombo kimoja begani ni jambo kubwa.

Ukanda wa ngozi umekaza. Nimeupaka nta.

*Kilichobaki:* kipimo cha makali kwa ajili ya vinu, ambavyo ndani vinahitaji tezo lenye mkunjo. Baba Mkubwa amekubali kufua la pili kutoka kwenye jani hilihili la springi, makali sentimita 5, ubapa ulioinama, msuka wa unene uleule ili uingie kwenye mpini huuhuu. Wachongaji wawili wa Usangi wameliona hili la kwanza na wameagiza. Nimewaambia walete mipini yao wenyewe, ya mkwaju au mti mwingine mgumu, iliyotolewa kwenye shina na kukauka, kabla hatujawasha moto. Na wapime unene wa kichwa, kwa sababu urefu wa msuka unatokana na kipimo hicho.